Benchi la Darasa la Nne

Mwalimu wa esesti alipopata nafasi ya kwenda kujiendeleza Chuo Kikuu cha Kyambogo, mwalimu mkuu aliniita ofisini akanikabidhi vitu vitatu: kitabu cha kiada, boksi la chaki na darasa la nne. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kufundisha Kiswahili peke yake. Esesti ndilo jina ambalo Kampala nzima inaliitia somo la jamii, yaani vilima na mabonde, viongozi na kazi zao, watu na mahitaji yao. Kwa darasa la nne mada ni moja tu mwaka mzima: wilaya yetu.

Nikamwambia, "Madamu, mimi ni mtu wa Bukavu. Kampala naijua njia tatu tu: ya nyumbani, ya kanisani na ya soko la Owino."

"Basi umewazidi watoto," akanijibu. "Wao wanajua mbili."

Nilikuwa na miaka miwili mjini. Nilipanga chumba chini ya kilima cha Nsambya, dakika chache kutoka shuleni, na maisha yangu yalikuwa yamenyooka kama rula. Nilifundisha, nilirudi, nilipika, nililala. Jirani zangu niliwasalimu kwa Luganda changu cha sokoni, ambacho kilikuwa na maneno ya kuuliza bei na ya kuomba ipunguzwe, na baada ya hapo hatukuwa na la kuongea. Jioni ile nilifungua kitabu cha esesti, na ukurasa wa kwanza ukaniagiza nitaje vilima vya Kampala. Nikataja kimoja, kile nilichokuwa nimekaa chini yake. Nikafunga kitabu nikamenya viazi.

Asubuhi yake niliwapa watoto kazi ya nyumbani. Kila mmoja achore ramani ya njia yake kutoka nyumbani mpaka shuleni, aweke kila kitu anachokiona. Niliwaambia ni zoezi la kusoma ramani. Ukweli ni kwamba nilitaka kufundishwa mji bila kuonekana nafundishwa.

Wakaleta ramani arobaini na mbili. Kaskazini ya kila mtu ilikuwa nyumbani kwao. Niliona mistari ya nyumba za polisi, reli, msikiti, mabomba ya maji, na mtu wa chapati mara kumi na moja, kila mara akiwa mkubwa kuliko kanisa. Mmoja alichora yule korongo mwenye kipara, kalooli, amesimama juu ya nguzo ya umeme, akaandika pembeni kwamba yuko pale kila siku na hajawahi kumwona akishuka. Mwingine aliweka alama ya msalaba akaandika, "Hapa ndipo nilipoangukia." Nilizisoma zote sakafuni chumbani kwangu, nimezipanga kama mkeka, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba barabara ninayopita kila siku ina kona ya pili.

Ramani moja ilinishika. Ilikuwa ya msichana mkimya wa dirishani, Mnubi, ambaye baba yake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu na yeye alilelewa na bibi yake. Alichora barabara inayopanda kilima, hospitali kubwa juu, na katikati ya mpando akaweka nukta nyeusi. Chini ya nukta aliandika, "Habuba anapumzika."

Nilimwita mezani nikamuuliza habuba ni nani. Akaniambia ndivyo Wanubi wanavyomwita bibi. Kila Alhamisi bibi yake hupanda hospitali kupimwa presha, na akifika katikati ya mlima hukaa kwenye ukingo wa kalavati.

"Kwa nini hapo?"

"Ndipo pumzi inapoishia," alisema, kama mtu anayeeleza mahali basi linaposimama.

Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu alitangaza kwamba kila darasa lichague kazi moja ya kusaidia jamii, ifanywe na ionyeshwe siku ya wazazi. Alipenda sana mambo hayo, na kwa kweli alikuwa mwanamke mwenye moyo, lakini aliyapenda zaidi yakiwa na picha. Ukutani ofisini kwake zilikuwepo za miaka iliyopita: watoto wamevaa glavu, watoto wameshika fagio, watoto wamemzunguka mgonjwa ambaye sura yake ilionyesha angependa kulala.

Nikaona tufanye kwa kura, maana mada yetu ya wakati ule ilikuwa viongozi na jinsi wanavyochaguliwa. Sasa, kwa watoto wa Kampala herufi r na l ni ndugu wanaoazimana nguo. Kiongozi wa darasa akaandika ubaoni kwa herufi kubwa, LEO TUNAPIGA KULA, na nyuma kabisa mtu akauliza ni chakula gani. Nilitaka kusahihisha. Kisha nikakumbuka chaguzi kadhaa nilizoziona maishani, nikaiacha kula ilivyo.

Mapendekezo yalikuwa manne. Kufagia barabara. Kuwaimbia wagonjwa. Kuosha gari la mwalimu mkuu, pendekezo lililoletwa na wajanja wawili wa mbele. Na la mwisho likatoka dirishani, kwa sauti ya chini: kumtafutia habuba mahali pa kukaa.

Alikuwepo mvulana mmoja ambaye kazi yake darasani ilikuwa kubisha. Ukisema leo ni Jumanne, yeye aliomba ushahidi. Akasimama akasema kiti kimoja kwa bibi mmoja si kazi ya jamii. "Kitabu kinasema jamii ni watu wengi wanaoishi pamoja. Yeye ni mmoja."

Kitabu kilisema hivyo kweli. Nilikuwa bado natafuta jibu wakati watoto wanaokaa upande ule wa kilima walipoanza kunyoosha mikono. Mmoja alisema mama yake alikaa kwenye kalavati lile wakati ana mimba ya mdogo wake. Mwingine alimwona mwanamume mwenye mguu wa plasta amekaa chini kabisa, kwenye vumbi. Yule msichana naye akasema, "Hata mimi nikimsindikiza nachoka." Tukapiga kula, kwa maana ya kura, na benchi likashinda. Gari la mwalimu mkuu likawa la pili kwa tofauti ndogo.

Benchi la barabarani haliwekwi hivihivi. Tulienda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, askari polisi mstaafu aliyekaa barazani kwake na redio na kidau cha wino wa mhuri. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kile ambacho ngeli zote zimepangwa mstari mmoja zikapewa amri moja.

"Nyinyi nataka weka benchi kwa barabara," alisema baada ya kutusikiliza. "Benchi ya nani?"

"Ya darasa la nne," wakajibu.

"Darasa la nne iko na stempu?"

Watoto wakatazamana. Hawakuwa nayo. Yeye alikuwa nayo, na ilionekana wazi kwamba ilikuwa haijapata kazi siku nyingi. Aliandika barua ya mistari mitatu akaigonga mihuri mitatu, akatuonya tusichimbe shimo wala tusimwage saruji, maana barabara ni ya serikali. Kisha akanitazama, akawauliza watoto mimi ni nani.

"Ni mwalimu wetu," akasema yule mbishi. "Si wa hapa. Tunamfundisha."

Nikapokea barua, nikashukuru.

Kutoka kwa mwenyekiti tuliteremka kwa mafundi seremala. Kando ya barabara ile vitanda na makochi hupangwa nje toka asubuhi, unapita kama unapita sebuleni kwa watu. Fundi tuliyemwendea alikuwa mzee mwembamba, hazungumzi ila Luganda, kwa hiyo nilisimama pembeni na Luganda changu cha kupunguza bei huku watoto wakimweleza habari yote kuanzia kura mpaka pumzi ya habuba. Alisikiliza akiwa na penseli sikioni. Mwisho akasema atatoa vipande vya mbao vilivyobaki kwenye vitanda, ataviunga mwenyewe, lakini kupiga msasa ni kazi ya watoto.

Ilituchukua vipindi vitatu vya michezo. Watoto arobaini na wawili, vipande vya msasa vya kugombania, unga wa mbao kwenye nyusi na kwenye kola za sare. Kila walipodhani wamemaliza, fundi alikuja akapitisha kiganja juu ya mbao polepole, akasema neno moja, "Ddamu." Yaani rudieni. Wakarudia. Siku ya tatu alipitisha kiganja, akaenda zake kunywa chai, na watoto wakashangilia mpaka wapita njia wakasimama kuuliza nani amefunga.

Ijumaa tulilipandisha kilimani. Wanne wangetosha kulibeba, lakini kila mtu alitaka mkono wake uliguse, basi tukapanda kama siafu na panzi, pikipiki zikitupisha. Kabla ya kufika katikati ya mpando wenyewe wakaishiwa nguvu. Wakalitua, wakalikalia kwa zamu, wakapumua, wakalibeba tena. Tuliliweka sehemu tambarare upande wa pili wa barabara, mkabala na kalavati, kuukabili ukuta mrefu wenye kivuli. Yule mbishi, ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, alichora mgongoni kwa rangi nyeupe: KAZI YA DARASA LA NNE. Niliwatazama wamesimama mbele yake, mikono kiunoni kama wakandarasi, nikajisikia mwalimu hodari sana.

Hali hiyo ilidumu mpaka Alhamisi.

Msichana hakuwa amemwambia bibi yake lolote. Alitaka limshangaze. Mimi nilikuwa sina kipindi saa ile, kwa hiyo nilichukua watoto kumi waliomaliza kazi yao mapema, yeye akiwemo, tukapanda, tukajibanza kwenye kona ya ukuta. Tukamwona anakuja, mwanamke mzee, mrefu, amejifunga kitambaa chenye maua mekundu, anapanda taratibu na kusimama kila hatua kumi. Alifika kwenye benchi. Akalitazama vizuri, mbele na nyuma. Akavuka barabara, akakaa kwenye kalavati lake.

Watoto waligeuka wote kunitazama mimi.

Msichana alimkimbilia. "Habuba, hukuliona benchi?"

"Nimeliona. Zuri. La nani?"

"Lako."

Bibi alicheka kidogo, akatuona na sisi tukijitokeza kwenye kona kama wezi wa mahindi. Akatusalimu vizuri, akauliza hali za nyumbani, akasikia habari yote ya kura na msasa. Kisha akatuonyesha kwa kidole. "Pale nikikaa natazama ukuta. Mimi nimefungwa? Hapa namwona anayepanda na anayeshuka. Najua nani kapona na nani bado. Nikimaliza kuwaona, na pumzi imesharudi."

Tukageuka tukautazama ukuta.

"Mngeniuliza," akasema, bila ukali wowote, akashika fimbo yake akaendelea kupanda.

Niliteremka na neno hilo kichwani. Tulikuwa tumemwomba ruhusa mwenyekiti, tumeongea na fundi, tumemwarifu mwalimu mkuu, tumepiga kura kwa haki. Mtu mmoja tu hatukumuuliza, naye ndiye aliyekuwa nukta kwenye ramani. Na kosa lilikuwa langu, kwa sababu watoto walinifuata mimi, na mimi nilikuwa nimezoea mji huu kwa namna hiyohiyo, kuutazama kwa mbali na kujisemea kwamba nimeelewa. Darasani niliwaambia hivyo, kwa maneno mepesi. Mbishi akasema yeye alijua tangu mwanzo. Hakuwa amejua. Tukakubaliana kwamba kesho yake, baada ya masomo, tungelivusha benchi mpaka upande wa kalavati.

Kesho yake benchi halikuwepo.

Pale lilipokuwa palibaki alama za miguu yake minne kwenye vumbi. Sasa, nusu ya darasa lile walikuwa watoto wa polisi, na neno "limeibwa" lilipotamkwa nilisikia mipango ya upelelezi ambayo ingeishia vibaya kwa mtu. Mmoja alitaka kumwita baba yake na gari. Nikawaomba tuulize kwanza, maana jana yake tu tulikuwa tumejifunza kuuliza. Waendesha boda wa njia panda walituambia vijana wawili walilichukua asubuhi, wakateremka nalo upande wa reli. Mama wa maharage akasema ndiyo, walipita, mmoja wao alikuwa amevaa suti. Suti ile ilinitatiza. Nani anavaa suti kuiba benchi?

Tukashuka, watoto kumi na watano mbele na mimi nyuma. Walikatiza njia ambazo sikujua zipo, katikati ya kamba za nguo na majiko ya mkaa, na kila baada ya nyumba tatu mtu aliwaita mmoja wao kwa jina na kumuuliza mama yake hajambo. Mimi nilizijua njia zile kutoka kwenye ramani zao. Niliona bomba la maji lenye kofia nyekundu na nikajua kona inayofuata ina mbwa. Alikuwepo.

Baada ya mbwa tukaona hema jeupe limefungwa kati ya nyumba mbili, viti vya plastiki vichache, watu wengi wamekaa chini. Msiba. Na chini ya hema, mstari wa mbele, lilikuwepo benchi letu, na juu yake wazee wanne wamekaa wamebanana, makoti yao yamening'inia nyuma yakafunika maandishi yote isipokuwa neno NNE.

Nilitaka tugeuke. Lakini mwanamke mmoja alikuwa ameshatuona, akatupungia mkono. "Karibuni. Mwikale, batoto."

Mwikale, yaani kaeni. Ndivyo tunavyosema kwetu. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia mwikale kwa miaka miwili. Nilisimama pale na daftari langu la mahudhurio kwapani.

Walikuwa watu wa kwetu, wa upande wa Kivu. Aliyefariki alikuwa mama mtu mzima, alikuwa akiuza vitenge Owino, na wanawe wawili ndio walikuwa ndugu pekee aliokuwa nao hapa. Waliobaki walikuwa watu wa kanisa na majirani. Yule wa suti ndiye mtoto wake mkubwa. Alitusogelea, akauliza kwa upole kama tumetumwa na mtu.

Nilijaribu kumzuia mbishi kwa jicho. Sikuwahi.

"Limeandikwa," alisema, akionyesha benchi.

Kijana alizunguka nyuma, akasoma, akarudi na uso uliobadilika. Alisema waliliona barabarani, viti vilikuwa havitoshi, wazee walikuwa wamesimama, na hakusoma, alikuwa anabeba tu. Akaanza kuomba radhi kwa watoto mmoja mmoja. Wale wazee wanne waliposikia wakaanza kuinuka, wakisaidiana, mmoja ameshika bega la mwenzake.

Yule msichana ndiye aliyesogea mbele. "Kaeni," akawaambia. "Bado hamjamaliza kukaa."

Wakakaa.

Kijana alituahidi kulirudisha baada ya maziko. Tulipewa chai ya rangi kwenye vikombe vya plastiki, na watoto wakakaa mkekani kimya kuliko nilivyowahi kuwaona darasani. Mbishi alininong'oneza, "Mwalimu, na hii ni huduma ya jamii?"

"Wewe unaonaje?"

Akatazama benchi, akatazama hema. "Naona wako wengi."

Mwanamke aliyetukaribisha aliniuliza mimi ni wa wapi. Nikasema Bukavu. Akauliza Bukavu gani. Nikasema Kadutu. Akaweka kikombe chini. Alikuwa na dada yake aliyeishi Kadutu karibu na soko, na kwa maelezo yake nikaijua mpaka ngazi ya nyumba yenyewe. Kwa miaka miwili mwanamke huyu alikuwa amekaa mwendo wa wimbo mmoja kutoka chumbani kwangu. Tuliongea Kiswahili chetu, kile kisichopita kwenye kitabu chochote ninachofundishia, na watoto wakanitazama kwa mshangao, kwa sababu hawakujua kwamba mwalimu wa Kiswahili anajua na kingine. Jumamosi nilienda kwenye maziko. Jumapili ile niliwapelekea sufuria ya maharage, nikakaa mpaka jioni.

Jumatatu wakati wa mapumziko vijana wawili waliingia langoni na benchi vichwani. Watoto walilikagua kama linatoka nje ya nchi. Mguu mmoja ulikuwa umelegea, tukampelekea fundi, akaugonga misumari miwili bila kutuuliza limekuwa wapi.

Safari hii tulimwalika habuba mapema. Alikuja Jumatano, siku isiyo ya hospitali, akasimama katikati ya mpando na fimbo yake akawaamrisha watoto arobaini na wawili kwa nusu saa. Kushoto. Hapana, rudisha. Linyanyueni huko nyuma, maji ya mvua yanapita hapo. Ligeuzieni barabarani. Mwishowe likakaa hatua mbili kutoka kwenye kalavati, chini ya ua wa mtu uliomwaga kivuli nje. Bibi akaketi. Alitulia, akajisogeza kulia, akapima urefu wa magoti yake.

"Liko chini kidogo," alisema. "Lakini mmefanya."

Msichana alikaa kando yake, miguu haifiki chini, akawa anatazama barabara pamoja naye. Baada ya muda mfupi akashuka mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni na bahasha ya eksirei mkononi. Habuba akajisogeza, akapigapiga mbao kwa kiganja, na mwanamke akakaa. Wakaanza kuulizana habari za mtoto kama wanaofahamiana.

Benchi halikutulia hapo, wala sikutegemea litulie. Lilienda kwenye ubatizo. Lilienda kwenye sherehe ya kumtambulisha mchumba, likarudi na utepe wa rangi ya dhahabu. Mara moja lilionekana kwenye mechi ya mpira ya watoto wa reli. Darasa lilikaa kikao kuhusu jambo hilo, na baada ya mabishano marefu mbishi alitumwa na kopo la rangi kuongeza mstari wa pili: UKICHUKUA RUDISHA KABLA YA ALHAMISI. Mwenyekiti wa mtaa alifika mwenyewe kuukagua. Akasema maneno ni mazuri, akajaribu kuyagonga mhuri, wino ukakataa kushika kwenye mbao.

Siku ya wazazi mwalimu mkuu aliniomba picha. Nilimpa moja tu, niliyoipiga kwa simu nikitoka kanisani. Ilikuwa na benchi na watu watatu wamekaa, mmoja anakula hindi, mwingine anafunga kamba za viatu, wa tatu amesinzia. Akaitazama kwa muda.

"Watoto wako wapi hapa?"

Nilimwambia siku ile walikuwa makwao. Alitikisa kichwa, lakini akaibandika. Wazazi wengi waliipita. Baba mmoja polisi alisimama mbele yake akasema huyo aliyesinzia ni shemeji yake.

Mwisho wa muhula ukaja na mitihani inayotungwa nje ya shule, pamoja na karatasi ya majibu ya kusahihishia. Swali la saba lilisema: taja huduma moja ya jamii inayopatikana katika wilaya yenu. Majibu yaliyoruhusiwa yalikuwa hospitali, polisi, maji, shule, usafiri. Watoto wengi waliandika hospitali, wakapata. Yule mbishi aliandika neno moja, "Kukaa." Nilishika kalamu nyekundu hewani kwa muda. Kisha nikampa vema.

Mwalimu wa esesti alikuwa amerudi likizoni kutoka Kyambogo, na ndiye aliyehakiki karatasi zangu. Alikuwa mwanamke makini, mwenye haraka, ameshapata wasiwasi kuhusu darasa lake. Alifika kwenye swali la saba akasimama. Akalinganisha na karatasi ya majibu, akanigeuzia.

"Dada, hii umempa?"

"Nimempa."

"Kukaa?" Akasoma tena. "Kukaa wapi?"

Nilimwambia abadilishe viatu, vile vya kisigino havitafika kilimani, kisha anifuate.